Kichwa cha Mama na Taulo za Mazishi

Verona, 6 Februari 2005

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, mgongo tu unalalamika kwa kubeba matofali huku ugenini. Dereva wa basi linaloleta barua na vifurushi kutoka nyumbani ameniambia unashinda umejifunga vipande vya viazi kichwani kutuliza maumivu. Kinakuumaje? Nenda kwa daktari. Usinifiche.

Mwanao, Grigore

Kijijini, 20 Februari

Grigore mwanangu,

Marahaba. Unakula vizuri? Dereva huyo hana siri. Ndiyo, tangu mavuno ya zabibu kichwa kinanibana pande zote, kama pipa lililokazwa utepe wa chuma. Nameza vidonge asubuhi na jioni, nakaza kitambaa, nimeziba madirisha upepo usinipige. Wapi! Mama yako mdogo Tinca alianza hivihivi, wakamkuta na uvimbe kwenye ubongo, tukamzika. Daktari wa nini? Nashinda nimeinama nadarizi taulo za kugawia watu siku ya mazishi yangu. Sitaki Ileana, mke wa kaka yako, aseme nilikufa sina hata taulo. Njoo Pasaka yetu ya Mei, si hiyo ya huko, tuagane.

Mama yako

Verona, 5 Machi

Mama,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Yako niliisoma juu ya jukwaa la ujenzi. Tuagane kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeupima? Nimemwomba Ileana akupeleke mjini. Mtukane njia nzima ukitaka, lakini panda gari. Na daktari umwambie habari za Tinca.

Mwanao, Grigore

Verona, 27 Machi

Mama,

U hali gani? Dereva amekuja mara mbili mikono mitupu. Hata matusi niandikie.

Mwanao

Kijijini, 10 Aprili

Grigore wangu,

Mimi sijambo, na safari hii ni kweli. Nilikaa kimya nikingoja majibu, ningekuandikia nini?

Daktari ni binti mdogo. Alinipima presha, akanigusa mishipa ya panjani, akauliza kama taya linauma nikitafuna, kama naona ukungu, kama mkono unalegea. Nikajibu hapana. Akanitoa damu, akanipeleka kupigwa picha ya kichwa, kwa sababu ya uzee wangu na habari za Tinca. Majibu yalipotoka, damu safi, picha haina kitu! Kisha akanibonyeza shingo, nikaruka.

"Bibi, unashona nini?"

Nikamwambia.

"Basi unajiua kwa maandalizi ya kufa!"

Ileana alicheka mpaka akatoka nje, mjinga yule.

Kumbe ni misuli ya shingo na kichwa iliyokaza kwa kuinama na kwa hofu, na vile vidonge vya kila siku vilikuwa vinachochea maumivu. Nilipoviacha niliteseka kwanza, nikamlaani binti wa watu. Sasa najikanda shingo kwa kitambaa cha moto, nainyoosha, natembea, nimepata miwani mipya. Kichwa bado kinanitembelea, ila hakilali kwangu.

Pasaka yetu usiache kazi. Karibu na kisima nimeng'oa mizabibu mikongwe, nimepanda miche. Ileana kauliza, "Mama mkwe, hiyo itazaa baada ya miaka mingapi, na divai yake atainywa nani?"

Nimemwambia, "Mimi. Wewe utaosha glasi."

Mama yako