Mabao ya namba tisa

Alhamisi, jioni

Mchana mwalimu wa michezo wa shule ya Oldeani alinipigia simu ofisini, kwa upole kabisa: "Dada, jezi tunazo seti moja tu. Hiyo namba tisa wasichana wanaivaa kwa zamu."

Na mimi msimu mzima natumiwa picha ya karatasi ya matokeo, imeandikwa "bao, namba 9", basi kwenye tovuti ya gazeti letu najaza jina la mchezaji wao mmoja, Neema. Mechi ya kwanza aliivaa yeye. Sikuuliza tena. Uvivu tu!

Kumbe mabao karibu yote ni ya mwenzake Paskalina, binti wa wafugaji wa Endulen.

Ukurasa nimeshausahihisha. Lakini kocha wa wilaya alichagua timu jana, simu mkononi, akisoma ukurasa wangu: Neema kamchukua, Paskalina kamwacha. Nimempigia mara nne, hapokei. Kambi inaanza kesho.

Naogopa kufukuzwa kazi, sikatai. Ila saa kumi na moja alipiga mama yake Neema. "Mungu akubariki, mwanangu. Baba yake kamnunulia viatu vya kuchezea mpira."

Nilikuwa nimeshajua kila kitu. Nikamjibu, "Hongereni sana, mama."