Picha Ukutani mwa Stoo

Mwanangu Aneth,

Leo asubuhi umeonekana tena ukutani mwa stoo, miguu juu, kichwa chini, umesimama karibu na kaburi lako.

Unaikumbuka picha ile. Ulikuwa mdogo, tunachambua maharage, mlango tumeufunga kwa sababu ya kuku. Jua likawaka juu ya migomba, mwanga ukapita kwenye tundu la mlango, pale kifundo cha ubao kilipodondoka, na shamba zima likajichora ukutani juu chini. "Mama, migomba inaning'inia," ukasema. Loshoro yako ya mahindi na maziwa ikapoa, hukutaka kubandua macho.

Likizo yako ya mwisho kutoka ughaibuni, ukatueleza kazi yako humohumo stooni. Ukasema mna chombo cha mviringo kama kata ya kubebea ndoo, na ndani yake gesi iliyopashwa moto kupita jua, imeshikiliwa na sumaku isiguse kuta. Mnatarajia siku moja itoe umeme. Kingo zake hung'aa kidogo, lakini katikati, penye moto kuliko pote, jicho huona patupu. Hapo hutoka eksirei, kama ile tunayopigiwa mifupa hospitali. Basi mnaipiga picha kwa eksirei hiyo, kupitia tundu dogo kama letu, mjue moto ukoje na kama umeanza kuyumba.

Baba yako akacheka. "Yaani umesoma kote huko ili uchungulie jiko?"

"Ndiyo, Baba. Ila jiko hili ukilifungulia mlango linazimika."

Akakuuliza mnajuaje kama picha haidanganyi.

"Tundu moja linaweza kudanganya," ukasema. "Tunatoboa na la pili, mahali pengine." Halafu ukamrekebishia kola, kama ulivyofanya kila Jumapili kabla ya kanisa.

Ukarudi kazini, ukaugua, wakakuleta kwenye jeneza. Tulikuzika penye migomba, tukapanda mmea wa isale pembeni. Nikaanza kuingia stooni asubuhi, nikae tu. Mara ya kwanza kumwona mtu pale kaburini nilidhani ni jirani. Kisha nikaona sweta yako ya kijani, mkono kiunoni, uzito wote mguu mmoja. Nikafungua mlango haraka. Nje palikuwa na isale na kuku. Siku nyingi zikapita hukuonekana, ndipo nikakumbuka ulivyosema kuhusu mlango. Tangu hapo nikikuona siufungui.

Sikumwambia baba yako mpaka alipomleta fundi apime stoo, ibomolewe tujenge ya tofali. Nikamuuliza, ukiibomoa, nitamwona wapi mwanangu? Akaingia, akatazama ukuta. Macho yake unayajua, hayaamini kitu upesi.

"Mama Aneth, hicho ni kivuli cha mgomba."

"Mgomba unavaa sweta?"

Kisha akachukua msumari na nyundo, akatoboa ubao mwingine wa mlango. "Alisema mwenyewe, tundu moja linadanganya. Nakwenda kusimama pale. Wewe angalia, uone mtu ni mtu, kivuli ni kivuli. Usipomwona mtu mwingine, fundi aendelee."

Akatoka, nikafunga. Zikawa picha mbili. Katika zote mbili baba yako alifika kaburini kichwa chini, kofia mkononi, kola imekunjamana shingoni. Na katika zote mbili ulikuwa nyuma yake. Ukanyoosha mkono.

"Umeniona?" akaita kutoka nje.

"Nawaona wote wawili."

Alirudi na kola imelala sawasawa. Nikamwonyesha kola. Akajipapasa shingo, akajipapasa tena.

"Upepo," akasema.

Lakini katika zile picha hakuna jani la mgomba lililotikisika, na yeye alikuwa huko nje, alijua. Jioni nikamsikia akimpigia fundi simu: stoo ibaki kama ilivyo.

Siku hizi tunaingia pamoja. Ameleta kigoda chake. Tunatazama tu. Sikufichi, naogopa, na baba yako hushika kola yake bila kujua kama anaishika. Lakini tusipokuona, siku nzima huwa ndefu.

Mgeni mwingine tungemkaribisha kwa kumfungulia mlango. Wewe, mwanangu, tunakukaribisha kwa kuufunga.

Mama yako