Nani Aingie Kwanza Bandarini

Mpendwa baba,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia tena, lakini mdomo umezoea.

Nimerudi Igunga, nipo kwa mama, ananilisha kama mgonjwa. Ulinicheka nilipopata kazi ya redio bandarini Kigoma. Ulisema wazee wetu walifika Ujiji kwa miguu na mizigo mabegani, mimi nakwenda kwa treni kukaa kwenye kiti na kuongea na meli. Ndiyo kazi yenyewe, baba. Ziwa ni la nchi nne, vyombo ni vingi, na mlango wa bandari yetu ni mwembamba. Mimi ndiye ninayesema nani aingie, nani angoje.

Wiki iliyopita meli ya mizigo ilikuwa imeshapewa ruhusa ya kuingia. Hapohapo boti la mbao likaita, limejaa abiria, upepo unalipiga ubavuni. Kanuni inasema boti lingoje, maana meli kubwa haisimami upesi. Nikaisimamisha meli. Boti likaingia salama. Meli ikasukumwa na upepo, ikakwama kwenye mchanga. Hakuna aliyeumia. Nahodha wa boti akaniletea samaki aina ya migebuka, nahodha wa meli akanishtaki. Mkuu wangu alinipongeza asubuhi, mchana akaniambia nirudi nyumbani kwanza. Njia mbili zilimshinda fisi, sembuse mimi.

Unakumbuka kiangazi kile, lambo limebaki tope, makundi mawili ya ng'ombe yakateremka kwa pamoja? Ng'ombe wa jirani ndio waliotangulia, ilikuwa zamu yao kunywa. Wewe ukasimama katikati na fimbo, ukawazuia, ukapitisha wetu wenye ndama. Katika kusukumana ng'ombe wake mmoja akavunjika mguu. Jirani hakukusalimia mpaka masika. Tukirudi nilikuuliza kama ulifanya sawa.

"Sijui, mwanangu," ulisema. "Ndama wamekunywa, ng'ombe wa watu amevunjika. Yote mawili nimeyafanya mimi."

Nilidhani unanikwepa. Leo natamani ungenidanganya tu, ungesema ulikuwa na hakika. Mimi sina. Boti lingeweza kungoja likapona. Lingeweza kuzama. Nikilala naamini hili, nikiamka naamini lile. Mama anasema nisali. Nasali, lakini sijui niombe msamaha au nitoe shukrani.

Keshokutwa napanda treni Tabora. Mkuu ana swali moja: vyombo vikikutana tena vile, nitafanyaje? Nikisema nitafuata kanuni, narudi kwenye redio. Nikisema nitaisimamisha meli, nahamishiwa dirisha la tiketi. Jibu la kanuni nimelijaribu mbele ya mama, likatoka vizuri kabisa. Akaniuliza, "Na wale watu botini?"

Nakitaka kiti kile, baba, nakitaka sana. Nikisema uongo nitakipata, na siku moja boti jingine litaita.

Pumzika wewe. Mimi bado sijaweza.

Binti yako wa pekee