Kopo la Mafuta ya Breki

Kaka,

Sisi wazima, na mguu wa mama umepona. Shemeji yako bado mbishi. Fundi wa gereji alimtajia bei ya kubadilisha mafuta ya breki, akacheka: "Nimlipe mtu anifungulie kifuniko?" Jana akayamimina mwenyewe, huku anapiga mluzi. Asubuhi hii kaondoka na watoto, wanateremka mlima kwenda kwa shangazi yao.

Ngoja, kaka. Niliinuka kidogo kufagia banda la gari. Kopo la mafuta ya breki ulilotuletea lipo palepale, halijafunguliwa. Lililoisha ni la mafuta ya injini. Si wewe uliyesema hayo yakiingia kwenye breki, raba zinavimba, breki zinakufa?

Nimempigia. Simu yake inalia hapa mezani.

Mdogo wako