Somo Lililorudisha Ng'ombe Nyumbani

Jumapili, mchana. Upepo na vumbi tangu asubuhi, na moyo wangu mzito kuliko jana.

Leo tumemzika Mzee Mtinda. Nimerudi, nimenawa miguu, nimekaa mezani kusahihisha madaftari ya darasa la tano, na nimeshindwa. Macho yanapita juu ya mwandiko wa watoto bila kusoma kitu. Basi acha niandike haya hapa, maana kijiji kizima hiki sina mtu wa kumwambia.

Kilichomuua ni kifua. Alikohoa tangu masika, na kwa umri wake hakuna aliyeshangaa. Najua sikumuua mimi. Lakini kuna kitu chake nilikiua mwaka jana, nikiwa na chaki mkononi, na watu wakanipigia makofi.

Kwetu Unyaturu mtu hafungi ng'ombe wake wote katika zizi lake mwenyewe. Anawagawa. Wengine anampa rafiki awatunze. Maziwa ni ya rafiki, samadi ni ya rafiki, na wakishazaliana vizuri, ndama mmoja anakuwa wa rafiki moja kwa moja. Baba alimpa Mzee Mtinda ng'ombe kabla mimi sijazaliwa. Baba ni Mkristo na Mzee Mtinda alikuwa Mwislamu, kwa hiyo kila Krismasi yeye ndiye aliyekuja kutuchinjia, ili nyumba zote mbili zile bila wasiwasi. Idi tulikula kwao. Nilipokuwa mdogo sikujua vizuri nyumba ipi ni yetu, maana kote nilipewa maziwa na kote nilichapwa.

Kisha nikaenda chuo cha ualimu, nikarudi na maneno.

Tulikuwa na mkufunzi mmoja, mtu mpole, aliyependa kutuambia hivi: kabla hujauliza bei ya kitu, uliza kwanza mtu ni nini. Alisema kila mpango wa uchumi umesimama juu ya imani fulani kuhusu binadamu. Anayeamini kuwa mtu ni mnyama wa kujitafutia atajenga soko la kujitafutia. Anayeamini kuwa watu ni ndugu atajenga kijiji. Nilipenda sana somo lile! Niliona nimepewa ufunguo wa dunia nzima. Nikalinakili kwenye daftari na kulipigia mstari kwa wino mwekundu, nikaja nalo hadi huku, ambako watu walikuwa wamehamia kijiji kipya cha ujamaa juzi juzi tu na bado wanapotea njia ya kwenda kisimani.

Jamani, kijana mwenye ufunguo ni mtu wa hatari.

Siku yenyewe ilikuwa ya kisomo cha watu wazima, na somo lilikuwa unyonyaji. Katibu wa kijiji alikuwa amekuja kusikiliza, ameketi nyuma. Nikauliza, "Mtu mmoja ana mali, anakaa kivulini. Mwingine anatoka jasho kuitunza mali ile. Huyo aliye kivulini ni nani?" Wote wakajibu, "Mnyonyaji!" Hapo ningenyamaza tu, lakini hapana. Nilitaka mfano wa karibu. Na niseme ukweli, nilitaka katibu aone kuwa mimi sioni haya, simwachi hata mzazi wangu. Nikasema, "Mfano, baba yangu na Mzee Mtinda."

Mtu mmoja akacheka, halafu makofi.

Mzee Mtinda alikuwa benchi la mbele na mke wake, Mama Hadija. Mama Hadija ndiye mwanafunzi bora kuliko wote pale, aliyeandika jina lake mwenyewe wiki ya pili. Mzee aliinamisha kichwa. Nami nikageukia ubao, nikaandika neno lile kwa herufi kubwa, wote wakalinakili.

Siku ya tatu asubuhi akaja nyumbani na fimbo yake, ng'ombe wanne na ndama mbele yake. Baba alikuwa anatengeneza mpini wa jembe. Mzee Mtinda akasema, "Ndugu yangu, nimewaleta." Hakusema zaidi. Baba akamwangalia, akawaangalia ng'ombe, akasema, "Haya." Basi. Kwetu kumrudishia mtu ng'ombe bila kudaiwa na bila ugomvi ni kumwambia kuwa undugu umekwisha. Mwanamume mwenye heshima zake haulizi sababu, na aliyerudisha haelezi. Miaka yote ile ikaisha kwa maneno machache kama hayo, nami nimesimama mlangoni na kikombe cha uji.

Baada ya hapo walisalimiana njiani kama watu waliokutana stendi ya Ikungi. Habari za darasani zilimfikia baba, lakini hakunilaumu. Laiti angenitukana! Alinyamaza tu, akawa anakwenda zizini jioni na kukaa huko peke yake. Msimu uliofuata mtama wa Mzee Mtinda ulitoka mfupi na wa njano, maana udongo wa huku tulikohamia ni mchanga mtupu na hakuwa tena na samadi. Nilipita pembeni ya shamba lile kila siku nikienda shuleni. Nilikuwa natazama upande mwingine.

Nimefikiri sana mwaka huu. Sijaacha kuuamini ujamaa, na wanyonyaji wapo, nimewaona. Hata kwa desturi yetu hii wapo matajiri waliomfunga mtu maskini kwa ng'ombe mpaka wajukuu wake. Lakini baba na Mzee Mtinda hawakuwa hivyo, na mimi niliyelelewa katikati yao nilijua. Desturi yao ilikuwa na uchumi wake. Ugonjwa ukiingia zizi moja, ng'ombe wengine wako kwingine, na njaa haimalizi nyumba yote. Ilikuwa na falsafa yake pia, kwamba mtu mwenye ng'ombe wake wote nyumbani ni mtu asiye na watu. Mkufunzi alituambia tuulize mtu ni nini. Mimi sikuuliza. Nilikuwa na wazee wawili wanaoweza kunijibu, mmoja nakula naye, mwingine yuko benchi la mbele, na nikawafanya mfano wa ubaoni. Ulimi hauna mfupa, kweli, lakini huu wangu ulikuwa umesoma.

Leo makaburini baba alisimama nyuma kabisa, pamoja na wageni waliotoka Itigi. Yeye! Alitupa udongo wake wa mwisho, akaondoka kabla ya wengine. Sikuweza kumfuata.

Watu walipopungua nikaenda kumpa pole Mama Hadija. Alikuwa ndani na wanawake, nikasimama mlangoni.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa."

Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha kwa maneno mazuri, yakanitoroka yote. Nikasema tu kuwa nitazungumza na baba, ng'ombe warudi hapa, ili nyumba yake ipate maziwa na shamba lipate samadi, na kwamba mimi nilikosea mbele ya watu.

Akatikisa kichwa. Wala hakuwa na hasira, na hilo ndilo linaniua.

"Hukukosea, mwalimu. Ulitufundisha vizuri, mimi nimeliandika hata kwenye daftari langu. Ng'ombe hapana. Wakirudi hapa, watu watamwita tena baba yako mnyonyaji. Hata marehemu aliwarudisha kwa sababu hiyo hiyo. Usiku ule tulipotoka darasani hakula. Alisema, 'Yule ni ndugu yangu, siwezi kunywa maziwa yanayomtia jina baya.' Akasubiri siku mbili aone kama watu watasahau. Hawakusahau."

"Kwa nini hakumwambia baba, mama?"

"Angemwambia nini? Baba yako angekataa kuwapokea."

Nikamshukuru, nikaondoka. Sikumbuki njia niliyopita.

Mwaka mzima, Mungu wangu. Mwaka mzima baba ameamini kuwa rafiki yake alimsikiliza mtoto, akamwona mnyonyaji, akamkata. Na mwaka mzima Mzee Mtinda alikunywa uji bila maziwa na kulima mchanga ili jina la baba libaki safi. Mmoja alinyamaza ili kumlinda mwenzake, mwingine kwa sababu heshima hairuhusu kuuliza, na neno lililowanyamazisha ni langu. Nilikwenda kuwafundisha undugu watu hao, eti.

Madaftari yako hapa, sijagusa hata moja. Kesho jioni kuna kisomo, na Mama Hadija hatakuwepo, anakaa eda. Nitasimama mbele ya waliobaki niseme kuwa mfano ule ulikuwa wa uongo, katibu awepo asiwepo. Hilo naliweza. Aibu yangu ni yangu, nitaibeba.

La leo ndilo siliwezi. Kutoka dirishani namwona baba, amekaa kwenye jiwe karibu na zizi, bado amevaa koti la mazikoni. Nikimwambia, atajua kuwa hakukatwa, na atajua hapo hapo kuwa alimpita njiani mwaka mzima mtu aliyempenda hivyo, na kwamba mtu huyo sasa yuko chini ya udongo. Nisipomwambia, atakufa akidhani alichukiwa.

Naweka kalamu chini. Naenda kumwambia.