Nilisema Nakwenda Kupumzika, Wakanichimbia Kaburi

Ndugu Mshauri, nisaidie mwenzio, zimebaki siku tisa nisafiri na akili imegoma. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana moja ya Ilala, naishi Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, kwetu ni Lituhi, Ziwa Nyasa, na miaka ile ya kulaza bomba la mafuta nilifanya kazi chini ya mhandisi Mtaliano, Bwana Sandro, tukapendana kama ndugu, sasa mwaka huu ameniletea tiketi mbili za ndege, mimi na mke wangu Hyasinta, twende kwao tukakae siku kumi kando ya ziwa kubwa liitwalo Garda, hakuna kazi, hakuna haraka, asubuhi kahawa kibarazani, mchana meli ya kuvukia ng'ambo, na ndani ya bahasha akatia picha ya ziwa lenyewe. Mshauri, nilipoiona picha ile nililia. Milima imesimama majini vilevile kama ya kwetu, nikamkumbuka mama akianika usipa, dagaa wa kwetu, juu ya mawe, sisi watoto tunafukuza kunguru huku tunaiba, naye anatuona na ananyamaza, nikakumbuka maji ya asubuhi yalivyokuwa yakituuma miguu, na kwamba sijakanyaga kule miaka saba, kila likizo nasema mwakani.

Basi tukaanza kupanga, Hyasinta akashona magauni mawili ya kitenge, nikaona nimwarifu mama kwamba mwaka huu pia asinitazamie, na kwa kuwa simu ya maandishi ya posta hulipiwa kila neno, nikaandika: MAMA SIJI TENA NAKWENDA KUPUMZIKA MSILIE LEODEGAR. Nilimaanisha likizo! Kumbe katekista alipomsomea mama, kijiji kizima kiliangua kilio, wakakaa matanga, wakachimba kaburi kando ya la baba, wakamtuma binamu yangu Pantaleo aje kuchukua maiti. Pantaleo akafika Jumapili, kitambaa cheusi mkononi, akanikuta napiga pasi suruali ya safari. Akakaa chini sakafuni.

"Sasa kaka," akasema, "nikirudi mikono mitupu nitamwambia nini mama mkubwa?"

Tukapeleka simu ya pili kwamba mimi ni mzima, jibu likaja: MAMA HASADIKI. KABURI LIKO WAZI. Likizo ni hiyo moja, na barabara ya kusini kwa mvua hizi ni wiki nzima. Nikienda kwa mama, Sandro ataniona sina shukrani na nafasi kama hii hairudi kwa mtu kama mimi, nikienda kwa Sandro nitamwacha mama analilia mtu aliye hai, na Hyasinta ameyakunja magauni na hasemi nami. Nifanye nini?

Leodegar, Kariakoo

Bi Kuruthumu anajibu:

Leodegar mwanangu, pole, sasa nikugombeze. Umri huo wote hujui kwamba ikisemwa fulani kapumzika, watu hushika vichwa? Na ukaongeza "msilie"! Ulitaka wafanye nini, wacheze ngoma?

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ziwa la Mtaliano umelimaliza kwa kahawa na meli. La kwenu limekutoa machozi. Hukuililia Garda, baba, umeililia Lituhi, picha ilikukumbusha tu. Na mimi nina picha ya Kilwa sandukuni, mwaka wa ishirini huu sijakwenda, na niliyekuwa nikimwendea hayupo tena. Inaniuma mpaka leo.

Mwandikie Sandro leo hii, umweleze kisa chote, kaburi na pasi, kama ulivyonieleza mimi. Akicheka akakwambia njoo mwakani, huyo ni rafiki. Akinuna, mrudishie tiketi zake kwa heshima. Hyasinta mwombe radhi, na magauni akayavae hukohuko, mama mkwe ayaone. Usitangulize simu tena, wala usimtangulize Pantaleo. Fika mchana kweupe, na umwite mama kwa sauti toka mbali, aisikie sauti kabla hajaiona sura, usije ukamuua kwa mshtuko. Hilo kaburi msilifukie tupu, zikeni mgomba badala yako, wazee wa huko watajua la kufanya. Kisha ukae siku zako zote, uanike usipa.

Ziwa la Mtaliano halihami. Mama yako ana miaka mingapi? Barua nzima hukuandika. Nenda ukamuulize.