Salfa Usoni

Mahurunga, Mtwara

Kwako kaka Leonel,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima huko Shangani. Sisi hatujambo, na mgongo wa mama umepata nafuu. Kabla ya habari nyingine, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu: niliamini umenipofusha jicho kwa makusudi.

Unakumbuka tulivyogombana, nilipokataa kukuchotea maji kwa sababu ya kitabu. Ulikwenda na mashine yako kupulizia mikorosho dawa, na nilipopita njia ya shambani, unga wa salfa ukanijaa usoni. Ulicheka, ukasema leo msomi kapakwa poda. Wiki zile jicho la kulia likaanza kufifia, na kicheko kile kikanirudia. Mama mdogo Marlene akasema ile haikuwa salfa tupu, wewe ulivuka mto kufuata kitu kwa mganga. Mama hakubisha. Mimi nikawa nainusa hata chai uliyonimiminia. Uliona, najua uliona. Ukaondoka, na simu yako haipatikani mpaka leo.

Jicho lilipoanza kutokeza nje, Mwalimu Safina alinipeleka hospitali kubwa. Daktari hakuuliza habari za salfa. Aliuliza pua imeziba tangu lini. Nikamwambia tangu kidato cha kwanza, na kwamba kaka yangu huniita Bibi Kamasi. Akanionyesha picha ya kichwa changu: katika uwazi wa mfupa, nyuma ya pua, kamasi zilinasa kwa miaka, zikatuna kama puto, zikabana mshipa wa fahamu wa jicho. Walinifanyia upasuaji kwa kupitia puani. Alisema tungechelewa zaidi, jicho lisingerudi. Sasa nasoma tena, ingawa rangi nyekundu bado naiona imepauka.

Mama mdogo anasema daktari kaona uvimbe, hakumwona aliyeutuma. Kaka, mimi nisiyethubutu kunyoosha mkono darasani, nilisimama mbele ya mama na majirani nikasema ugonjwa huu ulikuwamo kichwani mwangu kabla hujawasha mashine, na kwamba mwenye kosa la kukushuku wa kwanza ni mimi. Mama alilia. Mama mdogo alijifunga khanga akaenda zake.

Jirani yetu Thabiti, aliyekuona huko Shangani, ndiye anayekuletea barua hii. Wote wanakusalimu, na mama anauliza utakuja lini.

Mashine yako ilitupwa nyuma ya choo, hakuna aliyetaka kuigusa. Leo asubuhi nimeitoa, nimeifuta salfa iliyogandia, nimeiweka chumbani kwako.

Mdogo wako,
Anabela